Darubini ya bunduki ya .22: ukungu wa mita 25 hautoki kwenye mtutu

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mkulima wa Uyui, nje kidogo ya Tabora mjini. Nina bunduki ya .22 ya bolti, Brno ya zamani, na leseni yake iko sawa. Naitumia kulenga shabaha, na msimu ukifunguliwa nakata leseni ya kuwinda kanga na kwale, kati ya mita 20 na 60. Nimefika miaka 54 na siku hizi ile nundu ya mbele ya mtutu siioni vizuri. Rafiki yangu kaniazima darubini aliyoing'oa kwenye bunduki yake kubwa ya .375. Nikitazama mti ulio mita 100 naona safi kabisa, lakini kwenye ubao wa mita 25 naona ukungu, na risasi leo zinakwenda kushoto, kesho kulia. Muuzaji mmoja ananishauri ninunue 6-24x50, anadai inavuta sana na nitapiga hadi mita 200. Nitoe hela? Au bunduki ndiyo imezeeka?"*

Ndugu yangu, hela usitoe bado, na bunduki usiihukumu. Kwa maelezo yako, mtutu ndio kitu cha mwisho cha kukishuku. Macho yako yamebadilika kama yanavyobadilika ya kila mtu aliyevuka miaka arobaini na kitu, na darubini uliyoazimwa imetengenezwa kwa kazi ya umbali mwingine. Nina wasiwasi pia na jinsi ilivyofungwa, nitakueleza kwa nini.

Tuanze na macho, maana ndiyo yaliyokufanya utafute darubini. Ukilenga kwa vilengeo vya chuma, unalitaka jicho lione vitu vitatu kwa pamoja: mfereji wa nyuma ulio karibu na uso, nundu iliyo kwenye ncha ya mtutu, na shabaha iliyo mbali. Jicho haliwezi kuona safi zaidi ya umbali mmoja kwa wakati mmoja. Likiwa changa linabadilika haraka kutoka hapa hadi pale, hata hujui kama linabadilika. Umri ukisogea, lenzi ya ndani ya jicho inakuwa ngumu na vitu vya karibu vinaanza kuyeyuka. Darubini inaondoa kazi hiyo yote. Msalaba wa kulengea na shabaha vinaonekana kwenye tabaka moja, na jicho lina kitu kimoja tu cha kutazama. Faida hiyo unaipata hata kwa darubini inayovuta mara mbili tu. Kwa hiyo sababu yako ya kutaka darubini ni nzuri, ila haihusiani na kuvuta sana.

Sasa hiyo 6-24x50 na ahadi ya mita 200. Kwenye namba za darubini, za mwanzo ni mara ngapi inavuta, na ya mwisho ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Darubini haiongezi hata hatua moja kwenye mwendo wa risasi. Risasi ya .22 aina ya Long Rifle ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887 na hadi leo ni ileile kwa umbo: kichwa cha risasi cha gramu 2.6 hivi, kinachotoka mtutuni kwa mwendo wa mita 320 hadi 380 kwa sekunde. Chukua ile ya kasi, ya mita 370 hivi. Ukiweka shabaha sawasawa kwenye mita 50, na katikati ya darubini iko kama sentimita 4 juu ya katikati ya mtutu, risasi itakuwa karibu kabisa na msalaba kuanzia mita 20 hadi 50, haipandi wala kushuka zaidi ya sentimita moja. Mita 60 iko chini kwa sentimita 2 hivi. Mita 75 imeshuka sentimita 6 au 7. Mita 100 imeshuka sentimita 16 hadi 20, kutegemea risasi. Mita 200 iko chini kwa zaidi ya mita nzima, imepoteza nguvu, na upepo mdogo tu wa mchana unaisogeza pembeni kuliko upana wa kanga. Ndege wa mita 200 kwa .22 hafi vizuri. Anajeruhiwa na kwenda kufia vichakani. Anayekuuzia kwa ahadi hiyo anaifahamu bidhaa yake kuliko anavyoifahamu bunduki yako.

Lakini angalia tena hizo namba: kazi yako ni mita 20 hadi 60, na .22 iliyowekwa shabaha kwenye mita 50 inaifanya kazi hiyo bila wewe kugusa kifundo chochote. Darubini unayoitafuta ni ile isiyoharibu unyoofu huo.

Tuje kwenye ukungu na risasi zinazohama. Ndani ya darubini, lenzi ya mbele inachora picha ya shabaha mahali fulani kwenye bomba, na msalaba uko mahali pake palipofungwa kiwandani. Picha ikiangukia palepale ulipo msalaba, hivyo viwili vimeshikana: sogeza kichwa unavyotaka, msalaba unabaki pale ulipo kwenye shabaha. Picha ikiangukia mbele au nyuma ya msalaba, ukisogeza jicho kidogo tu msalaba unaonekana kutembea juu ya shabaha ingawa bunduki haijasogea. Abiria wa bodaboda akichungulia mshale wa spidi kutoka pembeni anasoma namba tofauti na dereva, na mshale ni uleule. Hali hiyo wataalamu wanaiita paralaksi.

Mahali picha inapoangukia panategemea umbali wa shabaha, na kiwanda kinalazimika kuchagua umbali mmoja ambao mambo yatakaa sawa. Darubini za bunduki kubwa kama .375 hupangwa kwa mita 90, 100 au hata 140. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya .22 hupangwa kwa mita 45 hadi 55. Ndiyo maana mti wa mita 100 unauona safi na ubao wa mita 25 una ukungu. Darubini ya rafiki yako ni nzima, ila mita 25 haikuwa kwenye hesabu za aliyeitengeneza.

Kosa lenyewe linapimika. Chukua nusu ya kipenyo cha lenzi ya mbele. Izidishe kwa tofauti kati ya umbali unaopiga na umbali uliopangwa kiwandani. Kisha gawanya kwa umbali uliopangwa. Lenzi ya milimita 40 iliyopangwa kwa mita 100, ukipiga mita 25: 20 mara 75 gawanya kwa 100, unapata milimita 15. Hiyo ndiyo hali mbaya kabisa, jicho likiwa kwenye ukingo wa tundu la kutazamia. Ina maana kichwa kikikaa kushoto leo na kulia kesho, risasi zinaweza kuachana hadi sentimita 3 na hakuna kilichoharibika. Sasa fanya hesabu ileile kwa darubini ya lenzi ya milimita 32 iliyopangwa kwa mita 50, shabaha ikiwa mita 30. Haifiki milimita 7, na ukiweka shavu vizuri haizidi mbili tatu.

Usinikubalie kwa maneno tu, jaribu mwenyewe. Toa magazini, fungua bolti, tazama chemba kisha ingiza kidole uhakikishe ni tupu. Laza bunduki juu ya viroba viwili vya mchanga, ielekee kwenye ubao wa mita 25 wenye mistari, na uiache itulie bila kuishika. Chungulia, kisha sogeza kichwa taratibu kushoto, kulia, juu, chini. Ukiona msalaba unatembea juu ya mistari, umeiona paralaksi kwa macho yako. Rudia kwa shabaha ya mita 100: utatulia.

Halafu fanya kipimo cha pili, kwa risasi. Piga tano kwenye mita 25, ukiegemea vizuri na kuweka shavu palepale kila mara. Pima kutoka tundu la kushoto kabisa hadi la kulia kabisa. Kundi lote likiwa ndani ya sentimita 3, paralaksi inatosha kueleza kila kitu. Likizidi hapo, kuna kitu kinacheza, na mimi ningeanza na pete zinazoshika darubini.

Hujasema umeifungaje. Brno nyingi za .22 zina mfereji juu ya mwili wa chuma wenye upana wa milimita 11. Bunduki kubwa za .375 zina reli nyingine kabisa. CZ 550, kwa mfano, ni milimita 19, na nyingine hutumia vipande vinavyofungwa kwa skrubu. Pete za bunduki ile haziwezi kukaa kwenye yako bila kipande cha kubadilishia, na vipande hivyo, hasa vya bei ya chini vya alumini, huteleza. Ukikuta mkwaruzo mpya kwenye rangi ya bomba karibu na pete, au kwenye mfereji, umeshampata mchawi. Na kama kuna aliyekushauri upeleke kwa fundi wa kuchomelea akaibandike moja kwa moja, kataa kabisa. Joto la kuchomelea linaharibu ugumu wa chuma kinachoshikilia mlipuko sentimita chache kutoka usoni pako.

Basi ununue nini? Kwa kazi yako mimi ningechagua 2-7x32 au 2-7x33 iliyoandikwa wazi kwamba ni ya .22, yenye paralaksi ya mita 50 hivi. Leupold na Hawke ni kati ya viwanda vyenye darubini za aina hiyo, na wapo wengine. Mara 2 au 3 inakupa uwanja mpana wa kumtafuta ndege kwenye majani, mara 6 au 7 inakutosha kwa ubao. Kama hela haifiki, 4x32 isiyobadilika ya kiwanda cha kuaminika inafanya kazi hiyohiyo kwa miaka mingi. Ina lenzi chache na vitu vichache vya kuharibika ndani, na kwa bei moja mara nyingi kioo chake ni bora kuliko cha ile inayobadilika. Kama una cha ziada na unapenda ubao kuliko kuwinda, chukua 3-9x40 yenye gurudumu la kurekebisha umbali, lililo kwenye lenzi ya mbele au ubavuni, linaloshuka hadi mita 10 au 20. Hiyo inaondoa paralaksi kila umbali, ila lazima ukumbuke kuligeuza, na shambani watu husahau.

Nimtendee haki muuzaji: 6-24x50 nyingi zina gurudumu hilo, hivyo ukungu wa mita 25 ungekwisha. Kinachonikataza kukupendekezea ni mengine. Mwanzo wake ni mara 6, na kwa mita 25 unaona duara la kama mita moja na nusu tu. Kanga akitembea hatua chache umempoteza. Ukienda mara 24, kila mpigo wa moyo unaonekana, na joto la Septemba na Oktoba linalopanda kutoka ardhini linaifanya picha ichemke. Mwanga nao unapungua: gawanya 50 kwa 24, unapata mwali wa milimita 2 tu unaoingia jichoni, wakati 32 kwa 4 inakupa 8, zaidi ya mboni yako inavyoweza kupokea jioni. Uzito wake unaikalia bunduki nyepesi kwa juu, na lenzi ya 50 inalazimisha pete ndefu, shavu linaning'inia hewani. Shavu lisilo na pa kutua ndilo linalozaa makosa yote ya jicho kukaa kando.

Kuna njia mbili nyingine ambazo wauzaji huzitaja mara chache. Kilengeo cha tundu cha nyuma kina bei ndogo na kinasaidia macho ya umri wako kweli, kwa sababu tundu dogo hupunguza ukungu wa mbali na wa karibu kwa pamoja. Ubaya wake ni giza la alfajiri. Kilengeo cha nukta nyekundu ni chepesi na cha haraka, lakini kwa mwenye astigmati, yaani jicho ambalo mviringo wake hauko sawa, nukta inaonekana kama mkia wa kimondo. Jaribu cha mtu kabla ya kununua.

Dukani, shika darubini mkononi ufanye haya. Geuza vifundo viwili vya kurekebishia: kila mlio usikike na uhisike, usiwe kama unakoroga uji. Angalia ukingo wa picha kama unapinda au una rangi ya zambarau. Pima jicho lako linapoona picha kamili, iwe sentimita 7 hadi 9 nyuma ya lenzi. Uliza kama imejazwa gesi kavu ya naitrojeni au agoni, kwa sababu mvua za Novemba hadi Aprili zitaingiza mvuke kwenye bomba lisilozibwa vizuri na ukungu wa ndani haufutiki. Bomba liwe la inchi moja, yaani milimita 25.4. Zile nyembamba za bunduki za upepo za watoto ziache dukani. Na panga bajeti ya pete nzuri za chuma za milimita 11 tangu mwanzo, usizinunue kwa chenji iliyobaki.

Kufunga ni kazi ya saa moja isiyotaka haraka. Bunduki tupu, bolti nje. Futa mafuta yote kwenye mfereji na ndani ya pete. Kaza pete kwenye bunduki kwanza, kisha laza darubini, uisogeze mbele na nyuma hadi uone picha kamili shavu likiwa limetua kama kawaida. Ning'iniza timazi ya mwashi mita 20 mbele yako, weka pimamaji juu ya mwili wa bunduki, na ulinganishe mstari wa wima wa msalaba na kamba ya timazi. Msalaba uliolala upande unafanya risasi ihame pembeni kila umbali unapobadilika. Kaza skrubu za juu kwa kupishana, robo mzunguko kwa robo, mwanya wa pande zote mbili ubaki sawa. Shika spana ndogo ya L kwa vidole viwili tu. Kama una spana ya kipimo, nyutoni-mita 2 inatosha. Anayekaza kwa ngumi analibana bomba, na msalaba unakwama ndani.

Kuweka shabaha, anza mita 25. Bolti ikiwa nje, tazama kupitia ndani ya mtutu hadi uone ubao katikati, kisha bila kuisogeza bunduki peleka msalaba palepale kwa vifundo. Piga tatu, tazama katikati ya kundi, rekebisha. Ukiwa karibu, nenda mita 50. Darubini nyingi zina robo dakika ya pembe kwa mlio mmoja (dakika ya pembe ni digrii moja iliyogawanywa kwa 60): hiyo ni milimita 3.6 kwenye mita 50 na 1.8 kwenye mita 25. Kundi likiwa sentimita 5 kushoto kwenye mita 50, geuza kulia milio 14. Usirekebishe kwa risasi moja moja, utaikimbiza shabaha mpaka kisanduku kiishe. Na tumia risasi za aina moja. Ukibadilisha chapa, kundi linahama, na hilo ni jambo la kawaida kwa .22.

Naomba unisikilize sana hapa. Risasi ndogo hii inafika karibu kilomita moja na nusu ikipigwa juu, na kichwa chake cha madini laini ya risasi huruka upya ikigonga jiwe, maji au ardhi ngumu ya kiangazi. Piga kuelekea kichuguu kikubwa, ukirundika udongo laini mbele yake, na uhakikishe nyuma yake hakuna njia. Misitu ya miombo ya Tabora ina warina asali na watoto wa kuchunga mahali ambapo hukutarajia mtu. Darubini inabana uwanja wako wa kuona, kwa hiyo fungua jicho la pili kabla ya kufyatua. Wala usiitumie kumtambua mtu au kitu usichokijua, maana ukiitazamia umeshaelekeza mtutu.

Kwa utunzaji, vumbi letu lina mchanga unaokwaruza rangi ya kioo. Puliza au tumia brashi laini kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa cha miwani, si kwa upindo wa shati. Ukiisafirisha kwa pikipiki, mtikisiko hulegeza skrubu, basi kagua pete ukifika na upige risasi mbili za kuhakiki.

Mpelekee fundi wa bunduki anayetambuliwa kisheria iwapo, baada ya kubadilisha pete, kundi bado linazidi sentimita 3 kwenye mita 25, au mdomo wa mtutu una pengo, au bolti inafunga kwa shida. Usimwachie bunduki mtu asiye na kibali cha kuishika, hata kwa nusu siku. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakubana wewe mwenye leseni. Na kabla ya kuagiza darubini kutoka nje ya nchi, pita polisi kwenye ofisi inayoshughulikia leseni yako uulize utaratibu.

Kabla ya hayo yote, funika jicho la kushoto ukasome kibao cha barabarani kwa jicho la kulia peke yake, kisha ubadilishe. Kama jicho la kulengea linaona ukungu wa mbali pia, au taa za usiku zina duara la mng'ao, hiyo si kazi ya darubini. Inaweza kuwa mtoto wa jicho au presha ya jicho, na presha ya jicho huiba uono bila maumivu. Nenda hospitali ya mkoa pale Kitete ukaulizie huduma ya macho, na uwaambie waziwazi kwamba unalenga bunduki na jicho lipi unalitumia. Darubini utainunua ukisharudi na majibu.